Kiingilio

Nyuma ya bili ya maji ya mwezi wa Juni
nimepiga mstari katikati:
huku Ijumaa, huku Jumapili.
Ndiwa anachovya mkate kwenye chai
na kusema andika kwanza mafuta ya gari,
maana ule mlima haupandwi kwa maombi.

Mimi nilitaka mashariki. Naivasha,
kule mizabibu imejipanga kama watoto wa paredi,
mtu anakaa kivulini anamiminiwa
na kijana mwenye tai
anayemwambia asimeze upesi, asikilizie moshi
kwa mbali, nyuma ya tunda.
Nilifika mara moja, semina ya chama cha akiba,
nikarudi na chupa. Miezi minane sasa
imelala kabatini nyuma ya unga,
inasubiri tuwe watu wa starehe.

Ndiwa anataka magharibi. Elgon, mapangoni.
Na usiku ni mbili tu,
na Jumatatu haina huruma.

Basi hapa hapa Nakuru, nikajaribu,
Hyrax Hill: bao limechongwa kwenye mwamba,
vishimo vimebaki, wachezaji wameondoka
bila kusema nani alishinda.
Miaka kumi na moja tunapita kando yake
tukizungumzia bei ya viazi.
Akatabasamu tu. Akampigia bibi yake.

Kogo Chemaiyek, jina la pombe:
alizaliwa siku mtungi ulipoiva,
humo humo pangoni, upande wa mbuzi.
Sauti yake ikajaa jikoni.
Mnaenda kutembea?
Pango halitembelewi. Pango hurudiwa.

Akasimulia bila kuombwa
karani wa Serikali alivyokuja na daftari
kuhesabu vibanda avitoze kodi,
akakuta mlima mmoja
unaotoa moshi kwa midomo mitano.
Aandike nini? Kibanda kimoja?
Hesabu ndiyo iliyomkasirisha, asema kogo.
Wiki ya pili wakaja na askari:
shukeni, mkajenge mahali panapoonekana.
Mama yake alitoka wa mwisho.
Alikuwa amerudi ndani kufunika moto kwa majivu,
ili aukute jioni.

Hapo akanyamaza.
Tukasikia kuku wake wakigombana.

Mkifika, tazameni juu,
msikodolee miguu yenu kama watalii.
Masizi ya mama yako darini,
mkono wa kulia, juu ya jiwe la kusagia.
Popo wana kelele tu. Na mniletee
bonge la ile chumvi ya ukutani,
ng'ombe wangu wanaijua kwa hadithi.

Nikaandika: tochi. Betri mpya, si zile za redio.
Mfuko wa chumvi.
Kizibuo (hatuna; kisu cha Ndiwa
kitaifanya kazi hiyo vibaya).
Glasi mbili, zifungwe ndani ya soksi.

Na divai, kogo, tukubakizie? Nilikuwa natania.
Divai ni ya padre, akasema.
Kisha, baada ya muda mrefu
hata nikadhani salio limekwisha:
Ni tamu?

Nikafuta mbili, nikaandika tatu.
Tutampitia Kapsokwony Jumamosi alfajiri,
akae mbele, blanketi magotini,
aelekeze njia ambayo huenda haipo tena.

Imebaki hesabu ya langoni.
Watu wazima wawili, raia, bei naijua.
Huyu wa tatu nimekaa naye
kalamu mkononi mpaka chai ikashika utando.
Mgeni? Mkazi?
Mwisho nimeandika: mwenyeji, mmoja,
na mbele yake, kwenye safu ya shilingi,
sijaandika kitu.

Tutabishana huko huko.