Njano Isiyokuja

Saa kumi jioni, na Dundee imeshazima mbingu.
Januari ya huku haina subira.
Nimeinamia sahani yenye visima tisini na sita,
kila kimoja kinatosha kumzamisha sisimizi mmoja, basi.

Mama alituma kokwa za zambarau
ndani ya kopo la siagi, zimekaushwa juu ya bati.
Forodhani walilifungua, wakanusa, wakalifunga.
"Zisage," alisema, "uwaonyeshe hao."

Nilisaga. Nikaloweka, nikachuja, nikakausha,
ikabaki nta ya kahawia
inayokakasa ulimi hata kwa kuitazama.

Kimeng'enya ni mpasua kuni wa utumbo.
Hupokea wanga gogo kwa gogo,
ugali, viazi, mkate wa dukani,
akapasua, akapasua,
sukari ikafurika damuni
kabla mlaji hajanawa mikono.
Hapa kwenye sahani kazi yake huonekana kwa njano:
kila pigo la shoka, tone la njano.

Mimi simtafutii muuaji.
Namtafutia mtu wa soga,
yule jirani anayekushika mkono mlangoni,
"Za huko? Na mjomba je? Na ile kesi ya kiwanja?"
kuni zikangoja, jua likapanda.

Dakika kumi.
Ishirini.
Safu ya kwanza, isiyo na dawa, imeiva kama kiini cha yai.
Safu ya saba, ya zambarau,
iko vilevile nilivyoimimina,
kama mgeni aliyesahau alichoitiwa.

Ishbel wa stoo alichungulia begani kwangu,
Ishbel aliyekatwa vidole viwili vya mguu mwaka jana
na bado anaficha jamu ya machungwa kwenye droo.
"Mbona hapo hapana kitu?"
"Ndiyo," nikamwambia, "hapana kitu!"
Akaniangalia kama mtu aliyekosa usingizi.

Usiku nikampigia Mama.
Alicheka, akapiga kigelegele kifupi, kisha akauliza:
"Basi niache vile vidonge vya hospitali?"

Upepo wa mto Tay uligonga kioo.

Mama, sahani si tumbo.
Kisima hiki hakina ini, hakina nyongo,
hakijawahi kualikwa pilau ya harusi.
Bado kuna panya, kuna miaka, kuna watu wa kujitolea,
kuna karatasi ndefu kuliko barabara ya Korogwe,
na mara nyingi mwisho wake ni "samahani".
Meza vidonge. Asubuhi na jioni. Niapie.

Kimya. Nilisikia kijiko kikizunguka kikombeni,
nami sikuthubutu kuuliza kinakoroga nini.

"Kwa hiyo kokwa zangu zimekwenda bure."

Nikafungua daftari.
Safu ya saba: rudia mara tatu.
Na chini yake, kwa penseli hafifu,
msimamizi asije akaisoma:
mwambie aongeze kopo.