Paa la Mzee Idwal

Jina la kwanza kwenye mkataba si lake.
Ni la Morfudd, kwa wino wa bluu,
herufi zimelala kama nyasi baada ya mvua.
Barua ya ruhusa ilipofika kutoka halmashauri
mwenye jina alikuwa na miezi mitano kaburini.

"Fanyeni," akasema Idwal mlangoni bila kunitazama.
"Alijaza fomu zile majira yote ya baridi,
miwani imemshuka puani. Fanyeni."

Kuta za mawe, unene wa mkono wangu mzima,
bega mpaka kidole.
Nilitoboa tangu alfajiri; ncha ya keekee ikaungua,
ya pili ikaungua,
ukuta ukitema vumbi la kijivu
kama mtu aliyeamshwa kabla usingizi haujamtosha.
Usizibe kwa saruji, nilimkanya Macsen, kijana wangu wa kazi,
nyumba hizi hupumua kwa chokaa;
ukiziziba pua zitatokwa jasho kwa ndani,
na ukungu utapanda hadi kwenye picha ya harusi.

Paa la mbele tulikatazwa:
linatazamana na kanisa, na kamera za watalii.
Tukapewa la nyuma,
lililoelekea kusini, kwenye mlima wa mabaki ya mawe
ambayo babu zetu waliyatoa tumboni mwa ardhi
wakayaacha yamwagike.
Huku mvua hainyeshi. Imepanga chumba.
Wapita njia wakanicheka: "Teleri,
hizo ni paneli za jua, au umeanika sinia?"
Nikawajibu kutoka juu: hata siku ya kijivu ina nuru,
ila haijipigii ngoma.

Chini ya kigae cha saba nilikuta mikwaruzo:
mistari minne na wa tano wa kukata,
tena na tena, na nusu ya jina.
Nikashuka nacho ngazi kama nimebeba yai.
Idwal akakigeuza mara mbili dirishani.
"Ni mkono wa babu yako?"
"Babu hakujua kuandika."
"Basi ni hesabu ya nini?"
"Siku za mgomo," akasema. "Au chupa za bia."
Akakisimamisha juu ya kabati, yakaishia hapo.

Uani, palipokuwa na banda la makaa,
tukaiweka pampu ya joto.
Alitaka kuonyeshwa moto uko wapi.
Haina moto, Mzee. Inabangaiza:
inavuta hewa, inaikamua, haba na haba, inaleta ndani.
"Hewa ya Januari ina joto gani la kukamua?"
"Lipo. Baridi ni joto lenye haya."
Akaguna, mguno mrefu wa Kiwelisi
usiohitaji mkalimani.
Jioni akaweka kiganja kwenye radieta.
"Imekufa."
Haijafa. Ni vuguvugu. Usiizime.
Hii si ya kuunguza mkono, ni ya kukaa nayo.

Usiku wa barafu, saa tisa, simu ikalia.
"Mashine yako inafuka moshi. Nimeshika ndoo."
"Ndoo ya nini?"
"Ya maji, mtoto wewe!"
"Iweke chini. Ni mvuke tu,
inajiyeyusha barafu mgongoni, itarudi kazini."
Kimya. Nikasikia ule mngurumo mdogo,
kisha ndoo ikigusa sakafu.
"Angetoka kuitazama," akasema, "na nguo za kulalia."
Akakata bila kwaheri.

Machi nikaenda kukagua.
Dohani imezibwa kwa sufi ya kondoo,
kunguru wamehama kwa hasira.
Kile kiti kilichokaa mbele ya meko miaka arobaini
kimesogea hatua mbili, karibu na dirisha;
kwenye zulia mashimo manne ya miguu yake bado yapo.
Idwal ameketi na soksi tupu, hana koti,
anasoma namba za umeme wa paa
kwa miwani ya fremu nyekundu, ya kike,
imemshuka puani.
"Leo kumi na moja," akasema,
kana kwamba lazima nijue ni kumi na moja ya nini.
Nilijua.