Maelezo Yangu Kuhusu Kandambili

Mjumbe, andika: Skolastika Misigaro,
mwanika dagaa, Kibirizi,
nyumba ya tatu ukishuka kutoka bombani.
Mbwa ni wangu, sikatai.
Paka si wangu. Paka anakaa kwangu tu.

Kandambili ililiwa, ya bluu, ya kushoto,
kimebaki kisigino na kipande cha mkanda.
Lakini niache nianzie kwa panya,
maana bila panya tusingekaa kwenye benchi hili.

Walitoboa gunia, wakala vichwa, wakaniachia mikia.
Nikaomba paka kwa shangazi, kule Mwanga.
Akaja ndani ya kapu, ananuka mawese hadi masikioni.
Panya akapita. Wakatazamana.
Paka akaenda zake kwenye chanja.

Dagaa wa juzi hagusi.
Nikimwita hanisikii;
nikifunua sufuria, kumbe alikuwa nyuma yangu.
Amezaa mara mbili kwenye sanduku langu la nguo,
mara ya pili juu ya kitenge cha Pasaka,
na akaniangalia
kama mtu niliyemwingilia bila hodi.

Ndipo nikaleta mbwa, alinde dagaa na paka.
Usicheke. Andika.

Wiki ya kwanza alibweka.
Ya pili nikawakuta wamelala mgongo kwa mgongo.
Sasa paka anapanda chanja, anasukuma kwa mkono,
mbwa anapokea chini,
kazi inakwenda kama ya makuli bandarini.
Aliyekuja kuiba ndoo alitikisiwa mkia.
Mimi nikitoka jumuiya usiku, nafokewa mlangoni kwangu.
Namwogesha ziwani kwa sabuni ya kufulia,
na kabla hatujafika nyumbani
ameshagaragara kwenye matumbo ya migebuka.

Haya, jina.
Mama Butoyi anasema nimemwita mbwa kwa ajili yake.
Si kweli. Hayawahusu nilimpa mwaka ule
mume wangu alipopanda treni na begi moja,
na bombani wote wakataka kujua anarudi lini.
Halikuwa la mtu mmoja.
Ila nakiri: saa tano za usiku,
nimesimama uani naita Hayawahusu! Hayawahusu!
na dirisha lake liko wazi kwa ajili ya joto...
hata mimi ningevua kiatu nikarusha.

Inawezekana ndivyo ilivyotufikia hiyo kandambili.
Simtuhumu, nawaza tu.

Hakuila kwa njaa. Aliilalia siku mbili,
akawa anaitafuna polepole,
kama mtu anayerudia barua.
Nitalipa. Nitalipa jozi nzima,
najua hakuna duka linalouza mguu mmoja.

Umefunga daftari? Lifungue.
Kuna jambo hukuniuliza.

Alfajiri ile ya mvua, wiki iliyopita,
paka alishahamia kitandani.
Mbwa akanivuta upindo wa kanga
kabla tone la kwanza halijagonga bati.
Nikatoka na turubai, nikafunika chanja zangu nne,
nikaweka mawe pembeni.
Za Mama Butoyi ziko hatua sita.
Niliziona. Turubai lilikuwa limebaki kipande.
Nikasema moyoni, ana masikio, atasikia mwenyewe.

Kulipokucha alikuwa amechutama,
anachambua dagaa kutoka kwenye tope, mmoja mmoja,
na mimi nikampa pole.
Akaipokea, mjumbe. Akasema asante.

Siku mbili baadaye ndiyo akaja kwako na habari ya kiatu,
na sidhani kama ni kiatu.

Mbwa alikwenda, unajua.
Mvua ikiwa bado mbali, juu ya milima ya Kongo,
alisimama chini ya dirisha lake, akabweka,
akabweka kama hajawahi kubweka.
Mimi ndiye niliyemrudisha ndani.
Nilimwita kwa jina lake,
kwa sauti,
mara mbili.

Hilo liandike kwanza. Kandambili ifuate.