Kisigino cha Kushoto

Buti zake zilirudi kwenye gunia la posta,
zimefungwa kwa kamba, na orodha ya vitu vyake:
kiko kimoja, miwani, wembe,
shilingi nne na peni tatu.
Mama alizigeuza, akatazama soli.
Kisigino cha kulia kizima.
Cha kushoto kimelika upande.

Hapo ndipo nilipoielewa kazi yake.
Hatua sitini na mbili juu ya daraja la reli,
geuka kwa kisigino cha kushoto,
hatua sitini na mbili, geuka,
usiku kucha, upepo ukimpekua kola.
Hedley Tregenza, miaka arobaini na minne,
mchimba bati wa Cornwall,
kifua chake kimekwisha kuliwa na vumbi.
Daktari wa jeshi alimtegea sikio mgongoni, akasema:
Ufaransa, hapana. Daraja, labda.

Adui hakuja darajani.
Alikuja kondoo mmoja, Novemba, akaamriwa asimame.
Na treni zilipita zimejaa vijana wa kwetu,
vichwa nje ya madirisha, wakimpigia kelele:
“Babu, tutunzie daraja!”
Naye huinua mkono, hukohoa, huhesabu mabehewa.
Barua zake zilikuwa mabehewa matupu:
leo kumi na moja, leo kumi na manne.
Kikohozi hakukiandika.

Februari theluji ikageuka mvua,
mvua ikageuka homa ya mapafu.
Siku tisa.
Muuguzi alituandikia kwamba hadi mwisho
aliuliza ni nani aliye zamu.

Vita vilipokwisha, wakubwa wa kanisa
wakakaa kikao juu ya jiwe la majina.
Mimi nilikuwa namimina chai.
Bwana Nankervis akasema, kwa upole kabisa,
“Lakini hakuvuka maji.”
Mwingine akaongeza: “Amefia shukani.”
Kana kwamba kifo nacho
kina daraja la kwanza na la tatu.
Mama, aliyeketi karibu na mlango, hakujibu kitu.
Aliinuka, akaiweka buti ya kushoto mezani,
katikati ya vikombe, soli juu.

Jina likachongwa. Chini kabisa, upande wa ukutani.
Fundi alikosea herufi, akairekebisha;
ukipitisha kidole unalihisi kosa.
Nalisugua kuvu kwa brashi ya viatu,
nikikumbuka; si kila Jumapili.
Juu yake wamo wale wa madirishani,
sita nilisoma nao.
Daraja halikuwaangusha.
Treni ilifika.