Meno ya Dhahabu

Jumapili, saa nne usiku, Kurasini.
Ofisi ya mawakala wa forodha haina mtu
ila mimi, feni, na Kibwana mlinzi
aliyenifungulia huku akinung'unika.

Ruta ipo juu ya kabati la mafaili,
rangi yake maziwa yaliyochacha.
Kila Jumatatu, makontena yanapoanza kuulizwa,
hujaa, huyumba, huzima, huwaka upya,
kama msimulizi asiyevuka "Paukwa".
Wengine wanasema virusi. Wengine, umeme.
Mimi nasema njia ni nyingi, kichwa kidogo.

Skrubu tatu zimetoka. Ya nne imeliwa na hewa ya chumvi;
nimeibembeleza kwa mafuta ya cherehani
na tusi moja dogo.

Sina ule mkanda wa kumwaga umeme wa mwilini.
Nashika nondo ya dirisha, kama mtu anayebisha hodi,
ndipo nachomoa kijiti cha zamani:
megabaiti sitini na nne.
Kipya nimekitoa Kariakoo, Mtaa wa Aggrey,
kimefungwa kwa gazeti,
bei imeshuka baada ya kuapa kwa watoto wangu wote,
nami sina hata mmoja.

Kak! Kimekaa. Nawasha.
Taa ya njano.
Njano.
Njano tu.
Moyo umeshuka hadi kwenye soksi.

"Kimekufa?" anauliza Kibwana, mlangoni.
Simjibu. Nakichomoa, natafuta raba ya penseli
kwenye droo ya karani (Bi Mwantumu, nisamehe),
nakisugua meno yake ya dhahabu, jino kwa jino,
mpaka yanacheka.

Mara ya pili ikahesabu.
Namba zikapanda kwenye laptopu
kama mpokea magunia asiyeinua macho:
mia moja, mia na kumi, mia ishirini na nane.
Kijani.

Kesho hakuna atakayejua.
Shukrani ya fundi ni simu isiyolia.

Kibwana anakigeuza kile cha zamani kiganjani.
"Humu mna nini? Siri za mizigo?"
"Hamna kitu. Umeme ukikatika, kinasahau hata jina lake."
"Na mnakiita kumbukumbu?"
"Ndivyo tulivyokikuta kikiitwa."

Akakitia mfukoni, akafunga kifungo.
"Nampelekea Shomvi. Ana elfu arobaini yangu
tangu Mfungo Mosi.
Nitamwambia nimempata ndugu yake."