Dirisha

Julai ya Mbeya haibishi hodi.
Inashuka Loleza usiku, miguu mitupu,
inapenya nondo, inatulalia sisi sitini na wanne
ndani ya chumba walichowapimia watu ishirini.

Sajini Tumpe wa zahanati kasema: lisifungwe.
Kifua cha mzee Asegelile kinataka upepo,
na vyenu, kasema, vinautaka zaidi, ila havijajua.
Tukaliziba kwa blanketi.
Tukalizibua.
Kuna usiku tulipigana mpaka Nzowa akang'oka jino,
kwa ajili ya hewa.

Mimi nilipewa kazi ya kumwangalia akimeza.
Vidonge vitatu, alfajiri, kabla ya uji.
Hutoa ulimi kama mtoto, nione vimepita,
kisha hucheka: "Mkojo wangu, mjukuu,
umekuwa Kiwira wakati wa masika."

Kosa lake, mbao kumi na mbili zisizo na kibali.
Kila siku ya kumi na nne karandinga linampeleka,
kila siku ya kumi na nne linamrudisha:
upelelezi haujakamilika.
"Na dozi je?"
Nayo bado, babu.
"Haya. Tuone ipi itatangulia."

Nilichora kwa ukucha kwenye lipu, siku kwa siku.
Mwezi wa tatu alianza kudai ukoko wa ugali.
Mwezi wa nne shingo ikarudi kwenye kola.

Kisha Alhamisi, jioni, wakaita jina lake.
Shauri limeondolewa. Chukua vitu vyako.
Vitu: kandambili, sweta, nauli ya kuishia Uyole.
Sajini Tumpe hakuwa zamu.
Kabati limefungwa, na ndani yake kadi ya mzee,
visanduku vya miezi miwili bado vyeupe.

Tulishangilia. Nami nilishangilia, kwa sauti kuliko wote.

Usiku ndipo nilipomwona anafika kwake Kandete,
wajukuu watano wanamrukia kifuani,
chumba kimoja, moto katikati,
mlango umeegeshwa kwa sababu ya ukungu.
Nani huko atamwambia: toa ulimi, babu, nione?

Alfajiri nilijikuta nimeshika kikombe cha maji,
nimekinyoosha kwenye mkeka mtupu.

Kule kwenye kona Nzowa alikohoa,
akanyamaza, akakohoa tena.
Baridi ilikuwa inaingia yote.
Hakuna aliyeinuka kulifunga.