Fomu ya Thelathini na Moja

Kazi yangu ni kuhesabu.
Mlango wa dharura ukifunguka, nabonyeza saa;
sindano ya kwanza ikiingia mshipani, nabonyeza tena.
Kati ya mibonyezo hiyo miwili kuna mtu,
lakini fomu haimuulizi jina.

Hukaa kwenye stuli karibu na sinki,
kizibao cha kijani, kalamu mbili,
na masharti ya kamati ya maadili nimeyakariri kama sala ya kulala:
mtafiti asiguse, asishauri, asizuie njia.
Jicho lisilo na mkono.

Saa moja jioni, kabla ya zamu, wauguzi huja mmoja mmoja
kwenye kisanduku cha taa nyekundu.
Ikiwaka, bonyeza. Ikiwaka, bonyeza.
Kwamboka ndiye mwepesi kuliko wote,
robo ya sekunde na ushee. Hucheka:
"Andika hapo, mama wa watatu, Kayole,
leo hakulala mchana, maji yalikuwa yamerudi bombani."
Fomu haina nafasi ya maji.
Niliyaandika pembeni, kwa penseli.

Saa tisa na dakika nne usiku,
Julai, baridi ile inayopenya hadi ndani ya viatu,
wakamleta mlinzi wa mjengo kutoka Pipeline
juu ya ubao ambao bado ulikuwa na saruji.
Nikabonyeza.

Vitanda saba, wagonjwa kumi na mmoja,
Daktari Lemayian amezama kwenye kifua cha mtu mwingine.
Kwamboka akageuka, akaniona,
sijui kama aliniona mimi
au aliona mikono miwili mitupu:
"Wewe wa saa! Shika hapa. Finya.
Hesabu hadi tano, finya tena."

Nikaiweka saa kwenye sinki.
Nikaufinya ule mfuko wa hewa
na kifua cha nisiyemjua kikapanda,
kikashuka,
kikapanda.
Moja, mbili, tatu, nne, tano.
Miaka miwili ninahesabu
na sikuwahi kujua tano ni ndefu kiasi hicho.
Alinuka mafuta taa na chai ya tangawizi.
Ndani ya mfuko wa shati lake tochi ilikuwa bado inawaka.

Walipompandisha kwenye upasuaji kulikuwa kunapambazuka.
Saa ilikuwa ingali inakimbia, imelowa,
inahesabu bila kujua inahesabu nini.

Saa moja asubuhi Kwamboka akakaa mbele ya taa nyekundu.
Ikawaka. Akaitazama.
Akaitazama tu, kama aliyeitwa kwa jina lisilo lake,
halafu akabonyeza. Sekunde mbili na zaidi.
Mashine ikaandika: ameshindwa.
Nikasaini chini yake, kwa kuwa hapo ndipo pa kusaini.

Sasa takwimu zinasafishwa.
Profesa Mumbua ameniita ghorofa ya nne,
kidole chake kimetua juu ya kisanduku cheupe:
muda wa kuwasili hadi huduma, hakuna.
"Hapa pana shimo, Mukhwana. Tuseme nini?"

Kila shimo lina msimbo wake:
tisini na saba, mgonjwa alikataa;
tisini na nane, kifaa kiliharibika;
tisini na tisa, haijulikani.
Kama yule mlinzi aliamka, sijui.
Namba yake inaishia mlangoni
na mimi sina ruhusa ya kupanda wodini kuuliza.

Nikaandika tisini na nane.
Si uongo.
Tangu usiku ule, mkono mmoja ukibonyeza saa,
wa pili, chini ya fomu, unafinya hewa.